Neno la Kwanza la Kila Kitita

9 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Jibu ni ndiyo! Ndiyo na tena ndiyo! Uliniuliza pale stendi, umeshika mlango wa basi kama vile unataka kulizuia lisiondoke, "Una hakika?", nami sikujibu kwa sababu dereva alikuwa anapiga honi na mimi nalia na kucheka kwa pamoja. Basi nakujibu kwa wino. Nina hakika nikiamka, nina hakika nikifagia, nina hakika hata nikiwa nimeinamia sufuria lililoungua.

Shikamoo. Najua salamu ilipaswa kutangulia, lakini furaha imeipita mlangoni. U mzima? Mgongo? Mchungaji bado anakuletea vitabu vilivyochanika na kusema anavitaka kesho?

Chumba chetu, Shangazi, natamani ukione! Kiko ghorofa ya kwanza, juu ya duka. Mlango wa kijani, kitanda, kabati, meza na viti viwili. Dirisha linatazama ukuta wa jirani na bomba la maji, lakini ukisimama pembeni kabisa unaona kipande cha anga, nami kipande hicho nimeshakipa jina la bwana harusi. Mwenye duka, tunamwita Mama Duka, anaongea kuliko mimi. Ndiyo, yupo mtu wa namna hiyo duniani.

Nimepata kazi ya kupiga pasi kwenye nyumba ya dobi, mashuka ya hoteli. Na nyumbani tunakunja shuka letu wawili, mimi upande huu na yeye upande ule, tunasogeleana mpaka vidole vinagusana. Nani alijua kukunja shuka ni kitu kitamu namna hii? Ninapoandika hivi koti lake la kazi liko mgongoni mwa kiti cha pili, lina harufu ya jua na chuma, na mimi nalitazama kama mjinga. Mume wangu! Hebu nilirudie neno hilo: mume wangu.

Zawadi yako ya harusi nimeiweka juu ya kabati. Sijaifungua hata karatasi, nisije nikaichafua. Najua ni Biblia kwa sababu naijua namna unavyokunja ncha.

Mkweo anakusalimu sana.

Kasuku wako

4 Machi

Mwanangu Kasuku,

Marahaba. Mimi mzima. Mgongo upo, unaniamsha kabla ya jogoo. Mchungaji amenipa muda mpaka kesho, kama kawaida yake, na kesho hiyo ilipita wiki iliyopita. Panya wameingia kwenye sanduku la vitabu vya nyimbo. Nyimbo za toba hawakuzigusa, wamekula za kushukuru tu.

Mwandiko huu usikushangaze. Kalamu hii ina wazimu, inapanda mlima peke yake.

Barua yako nilimpa mke wa mchungaji anisomee kwa sauti, maana nilikuwa na gundi mikononi. Alicheka mpaka akakaa chini. Nimefurahi kwamba una furaha. Ila nakulea tangu una miaka tisa, na ninajua unavyohesabu mambo unapoficha mengine. Umeniambia juu ya koti. Umeniambia juu ya kiti. Umeniambia anga na bomba. Mkwe wangu amesema nini? Sijaona neno lake hata moja, na kijana yule alipokuja kuposa hakunyamaza dakika tatu.

Mwambie aandike mstari mmoja chini ya barua yako ijayo. Wowote. Hata akiandika "nimekula nimeshiba".

Jumapili mnasali wapi?

Shangazi yako

21 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na nisamehe. Nimechelewa kukujibu, siku zinanikimbia. Furaha ina kazi nyingi! Pasi, kupika, kupanga, kungoja maji. Nimeshona pazia la njano, na jua likipita hapo saa tisa chumba kizima kinakuwa kama ndani ya tunda. Dobi amenipandisha cheo, sasa napiga pasi mashati ya wageni badala ya mashuka, na ninajua kola ya mwanaume hata nikifumba macho.

Kuhusu ule mstari. Alitaka sana kuandika, Shangazi, kalamu alishaishika. Lakini anaumwa. Usiogope! Ni mafua tu, yameshuka kifuani. Amelala, nimemfunika blanketi mpaka kichwani, na sitaki kumwamsha. Akipona atakuandikia ukurasa mzima, utamchoka.

Mama Duka ananitania kweli kweli. Kila Jumapili saa nne nikiwa chini dukani ananipigia kelele, "Ita kwa sauti, bibi harusi, ita! Labda amelala! Labda yuko safarini! Au amekwenda msalani?" Wateja wote wanaangua kicheko, na mimi nacheka nao mpaka mbavu zinauma.

Nakupenda kuliko nilivyowahi kusema. Pazia ni la njano kabisa, siyo ile njano ya kupauka.

Kasuku

5 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hapa tu wazima sote, mimi na panya.

Nimerudia kisa cha Mama Duka mara tatu. Maneno hayo nayafahamu. Hata yeye labda hajui ameyatoa wapi. Ni dhihaka ya Eliya, siku ile mlimani, manabii wa Baali walipoita tangu asubuhi mpaka adhuhuri na hapakuwa na sauti wala mtu wa kujibu. Eliya akawaambia waite kwa nguvu, huenda mungu wao ana shughuli, huenda amesafiri, huenda amelala. Sasa nikajiuliza. Mwanamke ambaye mumewe amelala ghorofani chini ya blanketi, anamwita nani dukani, kila Jumapili, saa ya ibada?

Unakumbuka bati langu la kurasa zilizoharibika, ambazo siwezi kuzitupa kwa sababu zina jina la Mungu? Nakutumia moja. Imechanika upande, lakini kisa kimebaki. Mikali binti Sauli alikuwa bibi harusi kama wewe, na alimpenda Daudi, Maandiko yenyewe yanasema hivyo. Mumewe alipotoka kwa dirisha kukimbia, yeye alichukua kinyago kilichokuwa humo nyumbani, akakilaza kitandani, akakiwekea singa za mbuzi kichwani na kukifunika nguo. Wajumbe walipokuja kumtafuta mumewe aliwaambia neno moja tu.

Lisome mwenyewe lilivyo. Sikudai jibu la haraka.

Shangazi

30 Juni

Shangazi,

Shikamoo.

"Hawezi." Ndivyo alivyowaambia. Anaumwa.

Nimeukunja ukurasa huo na kuukunjua mpaka umekuwa laini kama leso. Wiki nane sikuandika kwa sababu kila nikianza nakuta nimeandika habari za pazia.

Hayupo, Shangazi. Tulikaa siku kumi. Siku ya kumi na moja lori la kazini lilimchukua yeye na wenzake kwenda kusimamisha nguzo za umeme mkubwa, miezi mitatu, kisha wakaongezewa. Nilipokuandikia barua ya kwanza alikuwa ameshaondoka wiki mbili. Shuka tulilikunja wawili mara mbili tu. Sasa nabana ncha moja kwenye mlango, naufunga, halafu narudi nyuma na ncha nyingine mpaka linanyooka. Mlango haunisogelei.

Tuliagana kwamba atapiga simu ya dukani kila Jumapili saa nne, maana ndiyo saa ofisi ya kambi inawaruhusu. Alipiga Jumapili saba. Jumapili saba, Shangazi, siwezi kukueleza! Nilikuwa nashuka na gauni la harusi la pili, lile la maua, kana kwamba ananiona. Kisha wakahamia mbele ambako simu hakuna. Aliniletea ujumbe kwa dereva wa lori: mimi mzima, vumilia, nakupenda, nitapiga nikipata njia. Tangu hapo ni Jumapili kumi na nne. Bado nashuka. Nakaa juu ya kreti la soda, naitazama simu. Ina mdomo haisemi, ina sikio haisikii. Mama Duka anatania kwa sababu asipotania atanihurumia, na hilo tumeshaelewana kwamba silitaki.

Ibada ni saa nne. Ndiyo maana sikukujibu uliponiuliza tunasali wapi.

Na koti ni kweli. Nimelivalisha mto. Linalala upande wa ukutani, nalifunika. Jioni naweka sahani mbili. Nikitoka kazini nalisimulia mashati niliyopiga pasi, nani alikuwa na doa, nani alisahau tiketi ya sinema mfukoni. Wiki iliyopita jirani alibisha kuomba kiberiti, akachungulia, akanong'ona, "Ah, samahani, kumbe shemeji amelala." Nami nikamwambia, "Anaumwa." Nikafunga mlango nikakaa chini sakafuni, maana nilisikia sauti yangu na sauti ya Mikali zinatoka pamoja.

Sikukuambia kwa sababu ya swali lako la pale stendi. Nilitaka jibu langu lisimame. Na bado nampenda, hilo usiniondolee. Ila niambie ukweli, wewe uliyenifundisha amri kumi kwa kuzihesabu kwenye vidole vyangu. Nimeabudu kitu kingine?

Kasuku

12 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na usilie juu ya karatasi, wino unasambaa.

Mumeo si Baali. Maskini ya Mungu, ni fundi wa nguzo, yuko juu ya ngazi mahali fulani na jua linamchoma shingo. Umempenda sawasawa na hakuna anayekuondolea. Lakini umemkalisha kwenye kiti ambacho si chake, na kiti hicho kitamvunja mgongo. Mtu wa nyama hawezi kuwa asubuhi yako na jioni yako na Jumapili yako. Atashindwa, kisha utamchukia kwa kushindwa.

Nimejalidi Biblia maisha yangu yote. Nikiwa kijana niliwacheka Waisraeli na ndama wao wa dhahabu. Watu waliovushwa bahari kwa miguu mikavu, wanainamia hereni zilizoyeyushwa! Sasa siwacheki. Musa alikuwa amepanda mlimani siku arobaini na hakuna aliyejua kama atarudi. Walikuwa jangwani, wamechoka kungoja mtu asiyeonekana. Walitaka kitu cha kutazama. Siku hizi nadhani sanamu nyingi za ulimwengu zimetengenezwa na wapweke. Dhambi ni dhambi, sikufichi. Lakini Mungu anajua imetoka wapi.

Ufunue zawadi yangu sasa. Toa hiyo karatasi, Biblia si keki. Soma Hosea, yote, ni fupi. Utamkuta Mungu mwenyewe akisema kama mume aliyeachwa. Watu wake wamemwendea Baali, wamemshukuru Baali kwa mkate alioutoa yeye. Anakasirika, ndiyo, anakasirika sana. Kisha anasema atamchukua huyo mke mpaka nyikani na kusema naye kwa upole. Wewe unajua kukaa kwenye kreti, Kasuku. Yeye amekaa muda mrefu kuliko wewe.

Usije huku. Najua utataka kuja. Kazi ni nyingi, chumba kimejaa vitabu, na mimi sina shida yoyote.

Shangazi

6 Agosti

Shangazi yangu, mama yangu, mwongo mwenzangu,

Shikamoo! Kaa kwanza. Mpe mke wa mchungaji barua hii akusomee, mwambie asiruke kitu, na wewe usisingizie gundi.

Nimeifungua. Nilipanda kwenye kiti, nikaishusha, nikafuta vumbi la miezi saba. Shangazi, ni nzuri jamani! Jalada jekundu la giza, herufi za jina langu la utani umezipiga kwa dhahabu, hata utepe wa kuwekea alama umeupata. Nililia kabla ya kuifunua. Kisha nikatafuta Hosea.

Danieli anakwenda vizuri mpaka karibu na mwisho. Nikafunua ukurasa unaofuata nikakuta Amosi, amesimama kichwa chini. Nikadhani nimechoka. Nikafunua tena. Yoeli kichwa chini. Hosea kichwa chini, yote. Kitita kizima, zile karatasi zilizokunjwa pamoja kabla ya kushonwa, umekishona juu chini.

Wewe! Wewe uliyewahi kufumua kitabu kizima cha kwaya kwa sababu ya uzi mmoja uliolegea!

Niligeuza Biblia, nikaiweka magotini kama anayesoma mwenzangu aliyekaa mbele yangu, nikasoma Hosea hivyo, nafunua kinyume. Pale anaposema atasema naye kwa upole nilisimama, sikuweza kuendelea. Nilikuwa nimeanza kuelewa mambo mawili kwa pamoja na yote yananichoma.

La kwanza unalijua, umeniandikia mwenyewe.

La pili ni hili. Tangu nina miaka kumi, kila kitabu ulichoshona, kabla ya kufunga fundo la mwisho ulinisimamisha mezani. "Haya Kasuku, nisomee neno la kwanza la kila kitita." Nami nasoma, na wewe unatikisa kichwa, sawa, sawa, sawa. Nilidhani unanifundisha kusoma. Kisha nilikuwa kidato cha nne na bado unanisimamisha mezani, nikadhani ni mazoea yetu tu, mchezo wetu. Biblia hii ndiyo peke yake uliyoishona nikiwa sipo, kwa sababu ilikuwa zawadi ya siri ya harusi yangu. Hakukuwa na mtu wa kukusomea maneno.

Shangazi, huoni tangu lini?

Kalamu haina wazimu. Barua yako ya mwisho mistari miwili imepandana, nimeisoma kwa kuiinua dirishani. Ulisimama pale stendi ukaniuliza kama nina hakika, na ulikuwa unajua kwamba basi likiondoka linaondoka na macho yako, na hukusema. Nami nimekaa miezi saba nalitazama koti, na siri yako iko juu ya kabati langu, mkono mmoja kutoka kichwani pangu, imefungwa karatasi ya maua. Ningeifungua wiki ya kwanza ningejua wiki ya kwanza. Nilikuwa naitunza isichafuke.

Jumapili iliyopita sikukaa kwenye kreti. Nilipita mbele ya duka saa tatu na nusu na gauni la maua na Biblia mkononi. Mama Duka akashika kiuno. "Bibi harusi, unakwenda wapi? Na ikilia?"

"Ikilia, ipokee," nikamwambia. "Mwambie niko ibadani, na nampenda."

"Nimwambie hivyo hivyo? Mimi na sauti yangu hii?"

"Hivyo hivyo."

"Basi akinipenda mimi usinilaumu!"

Sikugeuka nyuma mpaka kona ya pili. Nilikaa benchi la nyuma. Sikumjua mtu na hakuna aliyenijua, na nilijisikia mpweke kuliko siku yoyote ya kreti, sikudanganyi. Sikusikia sauti wala upepo. Mwanamke mmoja alisogeza kitabu chake cha nyimbo katikati yetu ili nione. Mshono wake umelegea, uzi unachungulia nje kabisa, ungekasirika. Tuliimba. Katikati ya ubeti nikagundua nimepitisha dakika kadhaa bila kungoja kitu.

Niliporudi sikumuuliza Mama Duka kama ililia. Alinipa soda tu, nikainywa nimesimama.

Koti nimelitoa kwenye mto, nikalifua, nikalipiga pasi vizuri kama la mgeni wa hoteli. Linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Ni koti. Mwenyewe akija atalivaa, na natumaini kwa moyo wangu wote kwamba atakuja, na nitaruka, na nitapiga kelele mpaka jirani alete kiberiti. Nimemwandikia barua nikampa dereva wa lori: niko kwa Shangazi, ufunguo uko kwa Mama Duka, nakupenda, sahani yako iko kabatini.

Maana nimeomba ruhusa kazini, Shangazi. Dobi alinung'unika, kisha akanipa wiki mbili na sabuni ya zawadi. Umesema nisije. Umesema huna shida yoyote. Hilo ni "hawezi" la upande wako, na nimelisikia.

Kwa hiyo toa vitabu juu ya kitanda changu. Nakuja kabla mwezi huu haujaisha, na Biblia hii nakuja nayo. Andaa uzi uliopakwa nta na ule msharasi wako wa kutobolea. Tutafumua mpaka kwa Danieli, tutamgeuza Hosea asimame kwa miguu yake, na wewe ndiye utakayeshona, mimi sitagusa sindano. Nitasimama mezani mahali pangu, nikusomee neno la kwanza la kila kitita, kutoka Mwanzo, na usifunge fundo mpaka nimalize.

Kasuku wako